Nyaya za Meno Zinazowekwa Nyuma: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Matibabu

Watu wazima wengi wenye meno yaliyopandana au kuchomoza hawakupata matibabu wakiwa watoto. Baadhi yao hutamani kuyapata ukubwani, lakini huona haya kusimama mbele ya wanafunzi, wateja au waumini wakiwa na vyuma mdomoni. Kwa watu wa aina hiyo, tiba ya meno ina njia ambayo bado haifahamiki kwa wengi: nyaya za kunyoosha meno zinazogandishwa upande wa nyuma wa meno, ule unaogusana na ulimi, ambako mtu wa mbele hawezi kuziona.

Njia hii huficha kifaa, lakini haipunguzi hata sharti moja la matibabu. Jino husogezwa ndani ya mfupa kwa kanuni zilezile, muda unaohitajika hautofautiani sana na ule wa nyaya za kawaida, usafi wa kinywa huhitaji bidii zaidi, na mtoa huduma anapaswa kuwa na ujuzi wa ziada. Kwa sababu hiyo, mwananchi anayetaka matibabu ya siri ana wajibu wa kujiridhisha zaidi kuhusu anayempa matibabu hayo, kwa kuwa kosa lililofanyika nyuma ya meno linaweza kukaa muda mrefu bila mtu yeyote kuliona.

Kwa nini meno hunyooshwa

Mpangilio mbaya wa meno una sura nyingi. Meno yanaweza kupandana kwa kukosa nafasi katika taya, meno ya juu yanaweza kuchomoza mbele kupita kiasi, meno ya chini yanaweza kutangulia yale ya juu, na wakati mwingine meno ya mbele hayakutani kabisa mtu anapofunga kinywa. Vyanzo vyake ni pamoja na maumbile ya kurithi, tabia ya kunyonya kidole kwa miaka mingi, kung'olewa mapema kwa meno ya utoto na ajali.

Katika maeneo kadhaa ya Afrika Mashariki kipo pia chanzo kinachotokana na imani. Baadhi ya familia huamini kwamba homa na kuharisha kwa mtoto mchanga husababishwa na yanayoitwa "meno ya nailoni", na hivyo hupeleka mtoto kwa mtu wa kuyang'oa. Kinachong'olewa huwa ni chipukizi la jino la utoto, mara nyingi chonge, ambalo bado halijatokeza kwenye ufizi. Mbali na hatari ya kupoteza damu na kupata maambukizi, kitendo hicho kinaweza kuharibu hata jino la ukubwani linalojengeka chini yake, na mtoto akakua akiwa na pengo au jino lililopinda.

Meno yaliyopandana huacha kona ambazo mswaki haufiki. Ukoga hukusanyika humo na kusababisha kutoboka kwa meno na ugonjwa wa fizi. Meno yaliyochomoza sana huvunjika kwa urahisi mtu anapoanguka. Meno yasiyokutana vizuri hufanya kutafuna kuwe kwa shida, na mengine huchakaa kabla ya wakati wake. Hizo ni sababu za kiafya, na ndizo ambazo daktari huzitazama kwanza.

Hata hivyo, si kila kinachotofautiana na picha za matangazo ni ugonjwa. Mwanya kati ya meno mawili ya mbele, ambao katika jamii nyingi za Waswahili huhesabiwa kuwa pambo la uso, hauhitaji kufungwa iwapo mwenye nao anaupenda na afya ya fizi zake ni nzuri. Vilevile, rangi ya kahawia inayoonekana kwenye meno ya watu wengi waliokulia mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara haiondolewi kwa nyaya. Rangi hiyo hutokana na wingi wa madini ya floraidi katika maji ya kunywa mtoto anapokuwa katika umri ambao meno yake yanajengeka. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango cha floraidi kisizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Tatizo la rangi lina matibabu yake, ambayo ni tofauti na kunyoosha meno.

Jinsi jino linavyosogea

Jino halikushikamana moja kwa moja na mfupa wa taya. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna tabaka jembamba la nyuzi hai, lenye unene wa takriban robo ya milimita, linalolishikilia jino na kupokea mshindo wa kutafuna. Tabaka hilo ndilo linalowezesha meno kunyooshwa.

Waya unapolisukuma jino kwa nguvu ndogo isiyokatika, upande mmoja wa tabaka hilo hubanwa na upande mwingine huvutwa. Upande uliobanwa, mwili hupeleka chembehai zinazoyeyusha mfupa. Upande uliovutwa, mwili hupeleka chembehai zinazojenga mfupa mpya. Jino husogea polepole kuelekea kule mfupa ulikoyeyushwa, na nafasi linayoiacha nyuma yake hujazwa. Kwa wastani mwendo huo hauzidi sana milimita 1 kwa mwezi.

Hapa ndipo wananchi wengi hukosea. Hudhani kwamba nguvu ikiongezwa, meno yatanyooka upesi. Ukweli ni kinyume chake. Nguvu ikizidi, mishipa midogo ya damu katika tabaka lile huzibwa, chembehai hufa, na jino hukwama kwa majuma kadhaa likisubiri mwili usafishe eneo hilo. Mbaya zaidi, ncha ya mzizi inaweza kuanza kuliwa na kuwa fupi, na mzizi uliofupika haukui tena. Ahadi ya kunyoosha meno kwa miezi miwili au mitatu bila kujali hali ya mgonjwa inapaswa kutiliwa shaka.

Kanuni hizi haziishii utotoni. Meno ya mtu mzima husogea pia, mradi fizi na mfupa vina afya, ingawa kwa watoto kuna faida ya ziada ya kutumia ukuaji wa taya zenyewe.

Asili ya nyaya za nyuma

Wazo la kuweka vifaa nyuma ya meno lilikomaa katika miaka ya 1970 katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Nchini Japani, Profesa Kinya Fujita alitafuta njia ya kuwalinda watu wa michezo ya mapigano, ambao midomo yao ilichanwa na vyuma vya mbele kila walipopigwa usoni. Nchini Marekani, Dkt. Craven Kurz wa Beverly Hills, California, alikuwa na wagonjwa wazima ambao kazi zao zilitegemea sura, na ambao hawakuwa tayari kuonekana na vyuma.

Wote wawili walikutana na ugumu uleule. Uso wa mbele wa jino ni laini na unafanana kwa watu wengi, hivyo vishikizo vinaweza kutengenezwa kiwandani kwa vipimo vya wastani. Uso wa nyuma una mabonde na vilima vinavyotofautiana kati ya mtu na mtu, na hata kati ya jino moja na jingine katika kinywa kimoja. Aidha, upinde wa meno kwa ndani ni mfupi kuliko wa nje, hivyo vishikizo hukaribiana na waya kati yake hukosa mnyumbuko. Tena, kati ya chonge na magego yanayoifuata unene wa meno hubadilika ghafla, jambo lililomfanya Fujita aukunje waya wake ufanane na umbo la uyoga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyaya za nyuma zilipokewa kwa shangwe nchini Marekani. Madaktari wengi walianza kuzitumia kabla ya kupata mafunzo ya kutosha, matokeo hayakuridhisha, na kabla ya muongo huo kwisha wengi wao walikuwa wameziacha. Kazi iliendelezwa na madaktari wachache, hasa wa Ulaya na Asia, waliovumilia kujifunza. Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchini Ujerumani, pale Dkt. Dirk Wiechmann alipotumia kompyuta kubuni kishikizo cha kila jino kwa kufuata umbo la jino hilohilo, na roboti kukunja waya kwa vipimo vya mgonjwa mmoja mmoja.

Historia hiyo ina funzo kwa mwananchi wa leo. Kilichokwamisha nyaya za nyuma mara ya kwanza hakikuwa ubovu wa wazo pekee, bali pia ni matumizi yake mikononi mwa watu ambao hawakuwa wamejifunza vya kutosha.

Hatua za matibabu

Matibabu sahihi huanza na uchunguzi. Daktari hukagua meno, fizi na viungo vya taya, hupiga picha za eksirei zinazoonesha meno yote na uhusiano wa taya na fuvu, na huchukua vipimo vya meno kwa ute maalumu unaoganda au kwa kamera ya kidijiti. Meno yaliyotoboka huzibwa kwanza, na ugonjwa wa fizi hutibiwa kwanza. Kuweka nyaya juu ya fizi zinazotoka damu ni sawa na kujenga nyumba juu ya msingi uliobomoka.

Vipimo hupelekwa maabara, ambako meno hupangwa upya katika mfano au katika kompyuta jinsi yatakavyokuwa mwisho wa matibabu. Kutokana na mpangilio huo vishikizo, ambavyo madaktari huviita braketi, hutengenezwa pamoja na nyaya zake. Vishikizo hivyo hurudi kwa daktari vikiwa vimepangwa ndani ya kifuniko kinacholingana na meno ya mgonjwa, kwa kuwa ni vigumu sana kukiweka kila kimoja mahali pake kwa mkono nyuma ya meno.

Siku ya kuvigandisha, daktari husafisha uso wa nyuma wa meno, huupaka asidi nyepesi kwa sekunde chache ili kuufanya uwe na vinyweleo, huukausha, kisha hubandika vishikizo kwa gundi inayogandishwa kwa mwanga. Mbinu hii ya asidi ilielezwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu wa Marekani, Michael Buonocore, mwaka 1955, na bila hiyo kila jino lingelazimika kufungwa pete ya chuma. Mgonjwa ambaye meno yake yameathiriwa na floraidi anapaswa kumweleza daktari, kwa kuwa tabaka la nje la meno ya aina hiyo hupokea asidi kwa namna tofauti na vishikizo vinaweza kubanduka mara kwa mara.

Baada ya hapo waya mwembamba hupitishwa katika vishikizo. Mgonjwa hurudi kliniki kila baada ya majuma 4 hadi 8 ili waya ubadilishwe au urekebishwe. Ziara hizi huchukua muda mrefu kuliko za nyaya za mbele, kwa sababu daktari hufanya kazi akitazama kwenye kioo kidogo. Kwa wagonjwa wengi matibabu yote huchukua kati ya miezi 18 na 24, na hali ngumu huzidi hapo.

Faida na changamoto zake

Faida inayojulikana zaidi ni kutoonekana. Mwalimu, mtangazaji, wakili au mhudumu wa hoteli anaweza kuendelea na kazi bila mtu kujua. Wapiga tarumbeta na vyombo vingine vya kupuliza hunufaika, kwa kuwa midomo yao haibanwi kwenye vyuma, na wanamichezo wa ngumi hupata nafuu hiyohiyo ingawa bado wanapaswa kuvaa kinga ya meno.

Faida nyingine ni ya kiafya. Ukoga unaokaa kandokando ya vishikizo hutoa asidi inayoacha mabaka meupe kwenye jino. Kwa nyaya za mbele, mabaka hayo hubaki sehemu inayoonekana hata baada ya vishikizo kutolewa. Kwa nyaya za nyuma, uso wa mbele wa jino hubaki kama ulivyokuwa.

Changamoto nazo hazipaswi kufichwa. Ulimi hukutana na vishikizo kila unapotembea kinywani. Katika siku za kwanza huchubuka, na daktari humpa mgonjwa nta ya kufunika sehemu zenye makali. Matamshi nayo hubadilika, hususan ya herufi ambazo ulimi huzitamka ukigusa nyuma ya meno au kukaribia hapo, kama vile t, d, n, s na z. Wasomaji wa Kurani wanaozingatia mahali pa kutokea kwa kila herufi, wahubiri, waimbaji na watangazaji wanapaswa kulijua jambo hili mapema. Wagonjwa wengi huzoea ndani ya majuma machache, na kusoma kwa sauti kila siku huharakisha mazoea hayo. Ni busara kutoanza matibabu juma moja kabla ya usaili wa kazi au sherehe.

Kula nako huhitaji mabadiliko. Kwa baadhi ya wagonjwa, meno ya chini hugonga vishikizo vya juu mtu anapouma, na magego hubaki wazi kwa muda. Hali hiyo humsaidia mwenye meno ya juu yanayoyafunika ya chini kupita kiasi, lakini hufanya kutafuna kuwe kwa shida mwanzoni. Vyakula vigumu na vya kunata, kama vile muwa wa kung'ata, kashata, mahindi ya kuchoma yanayoliwa kwenye gunzi na mifupa, vinapaswa kuepukwa au kukatwakatwa. Ubuyu wenye sukari na soda humwachia mgonjwa hasara mara mbili, kwa kuwa sukari hukaa mahali ambapo ni vigumu kupasafisha.

Usafi ndio mtihani mkubwa zaidi. Mgonjwa hawezi kuona vishikizo vyake bila kioo, na kwa hiyo hana njia rahisi ya kujua kama vimetakata. Anapaswa kupiga mswaki kila baada ya mlo mkuu, kwa mswaki wenye kichwa kidogo ulioinamishwa kuelekea nyuma ya meno, na kutumia brashi nyembamba za kupita chini ya waya. Mswaki wa mti, ambao wengi wameuzoea na ambao husafisha vizuri uso wa mbele, hautoshi peke yake kwa kazi hii. Mwenye nyaya za nyuma anayeona damu kila anapopiga mswaki asisubiri tarehe ya kliniki.

Hatimaye kuna gharama. Kwa kuwa kila kishikizo hutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, mara nyingi katika maabara ya mbali, na kwa kuwa kazi ya daktari ni ndefu, nyaya za nyuma kwa kawaida huwa ghali kuliko za mbele. Kishikizo kilichopotea hakiwezi kubadilishwa kwa kingine chochote kilichopo kabatini.

Nani anafaa, na njia nyingine ni zipi

Si kila mtu anafaa kwa njia hii. Meno mafupi sana hayatoi nafasi ya kutosha ya kugandisha vishikizo. Ugonjwa wa fizi uliokomaa, kisukari kisichodhibitiwa na tabia ya kusaga meno usiku ni mambo yanayoweza kumfanya daktari ashauri njia nyingine au aahirishe matibabu. Mgonjwa anapaswa kueleza dawa zote anazotumia, kwa kuwa baadhi, hasa zile za kuimarisha mifupa, hupunguza mwendo wa meno na kuongeza hatari.

Kwa anayetaka kificho, zipo njia nyingine mbili. Ya kwanza ni vishikizo vya mbele vilivyotengenezwa kwa kauri yenye rangi ya jino, ambavyo huonekana kwa karibu tu. Ya pili ni vifuniko angavu vya plastiki vinavyovaliwa juu ya meno na kubadilishwa kwa mfululizo, teknolojia iliyoenea baada ya kuanzishwa kwa kampuni ya Align Technology nchini Marekani mwaka 1997. Vifuniko hivyo hutolewa wakati wa kula na kupiga mswaki, lakini vinapaswa kuvaliwa kwa saa 20 hadi 22 kila siku, na mgonjwa asiye na nidhamu hapati matokeo. Kwa baadhi ya mizunguko mikubwa ya meno, nyaya zilizogandishwa bado humpa daktari uwezo mkubwa zaidi.

Nyaya za kawaida za mbele nazo hazijapitwa na wakati. Ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi, ni rahisi kuzisafisha, na katika mikono ya bingwa hutoa matokeo yaleyale.

Usajili wa mtoa huduma

Haja ya kujificha ina hatari yake. Mtu anayeona haya kuhusu meno yake huweza kukwepa hospitali na kumfuata mtu anayejitangaza mitandaoni kwamba hufunga nyaya kwa bei nafuu, nyumbani au saluni. Waswahili walishasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na katika jambo hili kinachomuumbua mtu ni jino linalolegea. Katika nchi za Thailand, Indonesia na Malaysia, "nyaya za mapambo" zinazofungwa na watu wasio madaktari zimezilazimu mamlaka kutoa maonyo na kuchukua hatua za kisheria. Waya usiojulikana umetengenezwa kwa madini gani, gundi isiyokusudiwa kwa meno na vifaa visivyotakaswa vinaweza kuleta sumu, vidonda na maambukizi yanayosambazwa kwa damu, yakiwemo homa ya ini na Virusi vya UKIMWI.

Nchini Tanzania, taaluma hii inasimamiwa na Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, na usajili wa madaktari wa meno upo chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina utaratibu wake wa usajili. Vifaa tiba, zikiwemo bidhaa zinazotumika katika matibabu ya meno, vinadhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kwa wanaofuata huduma nchini Kenya, usajili wa madaktari wa meno uko chini ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la nchi hiyo.

Ni muhimu pia kutofautisha wataalamu. Daktari bingwa wa kupanga meno ni mtu aliyehitimu kwanza shahada ya udaktari wa meno, kisha akasoma miaka mingine kwa ajili ya ubingwa huo. Tabibu wa meno na fundi sanifu wa maabara ya meno wana majukumu muhimu, lakini kupanga na kusimamia matibabu ya nyaya si miongoni mwa majukumu hayo. Mabingwa hao bado ni wachache ikilinganishwa na mahitaji, hivyo njia nzuri kwa mwananchi aliye mbali na miji mikubwa ni kuanza katika kliniki ya kinywa na meno ya hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, ambako atachunguzwa na kuelekezwa kwa bingwa inapobidi.

Kabla ya kukubali kuanza, mgonjwa ana haki ya kuuliza na kupata majibu ya maswali yafuatayo:

- Je, daktari amesajiliwa, na ana leseni hai ya kutoa huduma?
- Je, ana mafunzo ya nyaya za nyuma mahususi, na amewahi kuwatibu wagonjwa wangapi kwa njia hiyo?
- Je, picha za eksirei zimepigwa, na fizi zimechunguzwa?
- Je, kuna meno yatakayong'olewa ili kupata nafasi, na kwa sababu gani?
- Je, gharama iliyotajwa inajumuisha ziara zote, vishikizo vitakavyobanduka na vifaa vya kudumisha meno baada ya matibabu?
- Je, daktari akihama au mgonjwa akihamishiwa kituo kingine cha kazi, nani ataendeleza matibabu?

Swali la mwisho lina uzito wa pekee kwa watumishi wa umma, askari na wanafunzi, ambao huweza kuhamishwa kabla ya miezi 18 kwisha. Si kila kliniki inaweza kuendeleza nyaya za nyuma zilizoanzishwa na daktari mwingine. Mgonjwa anapaswa kuhifadhi nakala za picha zake na mpango wa matibabu kwa maandishi.

Baada ya nyaya kutolewa

Siku ya kutoa nyaya haiwi mwisho wa matibabu. Nyuzi zinazoshikilia jino, hasa zile za kwenye ufizi, hukumbuka mahali pa zamani na huvuta jino lirudi huko. Kwa sababu hiyo daktari hugandisha waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele, au humpa mgonjwa kifaa cha kuvaa, kwanza kwa muda mrefu wa siku na baadaye usiku tu. Wagonjwa wengi hushauriwa kuendelea kukivaa usiku kwa miaka mingi, kwa kuwa meno huendelea kusogea kidogo katika maisha yote ya binadamu, hata kwa watu ambao hawakuwahi kufungwa nyaya.

Wengi wanaorudi hospitali na meno yaliyopinda upya ni wale walioacha kifaa hicho kabatini baada ya kuridhika na walichokiona kwenye kioo. Fedha na miezi waliyoitoa hupotea kwa jambo ambalo lingezuiwa kwa dakika moja kabla ya kulala.

Mwananchi anayefikiria kunyoosha meno kwa nyaya za nyuma anashauriwa kuanza na uchunguzi wa kawaida wa kinywa na meno katika kituo cha afya kilichosajiliwa, kabla ya kuzungumzia aina ya nyaya. Akiambiwa kwamba fizi zake zinahitaji kutibiwa kwanza, au kwamba nyaya za mbele zitamfaa zaidi, aupokee ushauri huo kama sehemu ya matibabu. Mwenye malalamiko kuhusu huduma aliyopewa, au mwenye taarifa za mtu anayefunga nyaya bila sifa, anapaswa kuwasilisha taarifa hizo kwa mganga mkuu wa wilaya au mkoa, au kwa Baraza la Madaktari, ili hatua zichukuliwe kabla ya mgonjwa mwingine kudhurika.